Sapu Si Speshali, Msikubali Kubebwa

Mimi niliacha chuo mwanzo wa mwaka wa 3, karo ilipokosa kupatikana. Najua mnajiuliza, huyu ametoka chuo, atatuambia nini kuhusu mitihani? Tulieni.

Shida ya vyuo vyetu Kenya si mitihani pekee. Ni kwamba kuna njia kadhaa na hakuna mtu anakukalisha chini akueleze. Wiki ya kwanza unaonyeshwa maktaba, unaambiwa usajili yuniti kwenye portali, basi. Huambiwi kwamba yuniti usiyosajili, hata uhudhurie kila kipindi, maksi zake hukosa pa kukaa. Ukimaliza kusajili, chapa hiyo karatasi uiweke.

Sasa, hii ya sapu ndiyo inaniuma zaidi.

Mwaka wa 2 niliugua malaria wiki ya mtihani. Kiongozi wa darasa akaniambia, "Usijali, utafanya sapu." Msee mmoja wa mwaka wa 4 ndiye alinishtua: "Zii, wewe omba speshali."

Tofauti ni hii. Katika vyuo vingi, sapu ni ya aliyefeli, yaani chini ya 40. Hata ukipiga 80 kwa sapu, unaandikiwa 40, na hiyo ni D. Speshali ni ya mtu aliyekosa mtihani kwa sababu ya maana: ugonjwa, msiba. Unasahihishwa kama wengine, na unachopata ndicho unachoandikiwa. Nilipeleka barua na karatasi za hospitali kwa ofisi ya idara. Nikapata 64, B safi.

Rumeti wangu alifiwa na nyanya yake muhula huohuo. Aliambiwa sapu, akafanya sapu, akaandikiwa 40. Yaani huyu hakufeli kitu. Alienda kuzika.

Tupige hesabu. Alama 24 zikipotea kwa yuniti 40 zenye uzito sawa, wastani unashuka kwa 0.6. Inaonekana ndogo, sindio? Muulize aliyemaliza na 59.4 akikosa daraja la pili la juu linaloanzia 60.

Wengine watasema kila kitu kiko kwa kitabu cha kanuni. Kweli kiko. Lakini mtu aliyetoka matangani jana hawezi kuambiwa aende akasome kanuni. Mtu wa ofisi anayetamka "sapu" anajua kuna speshali. Aseme.

Mimi nilipotoka, niliandika barua ya kuahirisha masomo, nikaitisha nakala yenye muhuri. Maksi zangu za miaka 2 bado ziko pale, na ile B iko ndani. Siku karo ikipatikana, sianzi sifuri.

Kwa hivyo ukikosa mtihani na ukaambiwa "sapu", uliza hapohapo: mbona si speshali? Kisha uitishe jibu kwa maandishi.