Jino Lina Mizizi Mingapi?

Ukisimama mbele ya kioo ukafumbua kinywa, meno utakayoyaona hayatatofautiana sana na ya jirani yako. Meno ya mbele ni bapa kama patasi, chonge zina ncha, na magego yana vilima na mabonde ya kusagia chakula. Lakini hiyo unayoiona ni sehemu fupi ya jino. Sehemu iliyo ndefu zaidi imezama katika ufizi na mfupa wa taya, na huko ndiko binadamu wanakotofautiana kwa namna ambayo wengi wetu hatujapata kuidhania.

Nalitaja jambo hili katika ukurasa wa familia kwa sababu ya swali ambalo karibu kila nyumba hulikabili siku moja: jino linauma, je, ling'olewe au litibiwe? Jibu lake, mara nyingi kuliko tunavyofahamu, limo katika mizizi.

Ndani ya kila jino mna kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho hupita ndani ya mizizi kwa mifereji myembamba mpaka kwenye ncha. Uozo ukilitoboa jino na kukifikia kiini, vijidudu hupata njia, na hapo huja yale maumivu ya kumfanya mtu akeshe akiwa ameshika shavu. Daktari akitaka kuliokoa jino hilo, sharti atoboe juu yake, aitafute mifereji yote, aisafishe kwa tupa ndogo nyembamba kama sindano, kisha aizibe isipitishe kitu. Neno zito hapo ni "yote". Mfereji mmoja ukiachwa, vijidudu vilivyomo hubaki vikistawi, na jino laweza kuendelea kuuma hata kama kazi nyingine imefanywa kwa ustadi.

Hesabu ya kawaida ni rahisi kuikariri. Meno ya mbele yana mzizi mmoja mmoja. Magego makubwa ya chini yana miwili. Ya juu yana mitatu. Hesabu hiyo si ya uongo, ila haitoshi. Meno madogo ya mbele ya chini, ambayo kwa wembamba wake yeyote angedhani yana mfereji mmoja, katika kiasi cha robo ya watu au zaidi yana mifereji miwili iliyobanana. Gego dogo la kwanza la juu, lile linalofuata chonge, aghalabu lina mizizi miwili, lakini la mwenzako laweza kuwa na mmoja, na mara chache hutokea mtu mwenye mitatu.

Huko Zurich, Uswisi, daktari Walter Hess alitoa mwaka 1917 matokeo ya uchunguzi wake wa meno mengi sana yaliyong'olewa. Alishindilia mpira laini ndani ya mifereji, akaukaza kwa joto, kisha akaliyeyusha jino lenyewe kwa tindikali. Kilichobaki mkononi mwake ni umbo la ule uwazi uliokuwamo ndani, na umbo hilo halikufanana kabisa na bomba lililonyooka. Lilikuwa na matawi, vijia vya pembeni, na mifereji iliyogawanyika ikakutana tena, mithili ya mizizi ya mkoko maji yanapokupwa. Mwaka 1984 Frank Vertucci wa Marekani aliipanga mifereji hiyo katika namna nane, na watafiti waliomfuata wamekuwa wakiongeza nyingine.

Mimi nimeyajua haya kwa njia ya maumivu. Gego langu la kwanza la juu, upande wa kulia, lilitibiwa katika zahanati moja ya mjini. Daktari alikuwa mtaratibu. Akasafisha mifereji mitatu, akaiziba, akaniambia nimepona. Miezi minne baadaye nilikuwa bado natafuna upande mmoja. Kila nikirudi naambiwa picha ni nzuri, yamkini ni wasiwasi wangu tu. Nyumbani shauri lilikuwa moja. Kaka wa mke wangu, dereva wa lori na mtu asiyependa maneno mengi, alisema, "Shemeji, ling'oe upumzike." Naye alikuwa na hoja. Kung'oa ni kazi ya muda mfupi na gharama yake ni ndogo. Kutibu upya ni siku za kuomba ruhusa kazini, na ni fedha ambazo zingenunua sare za watoto. Lakini mama yangu, ambaye magego yake yaling'olewa moja baada ya jingine tangu ujanani na sasa hukatiwa nyama vipande vidogo, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, jino la pembe si dawa ya pengo." Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, siku hiyo niliisikia ikitoka katika kinywa chenye mapengo.

Daktari wa pili alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Alivaa miwani ya kukuzia vitu, akawasha taa kipajini, akaichunguza sakafu ya jino polepole kwa muda uliozidi saa nzima. Hatimaye akasema, "Mzee wangu, usitikise kichwa. Hapa pana mlango wa nne." Ulikuwa katika mzizi wa mbele wa upande wa shavu, hatua ndogo tu kutoka mlango wa kwanza kuelekea kaakaa, nao haukuzidi ncha ya pini. Wiki mbili baada ya kuzibwa, nilitafuna mahindi ya kuchoma kwa upande huo.

Mfereji huo wa nne si kioja. Mwaka 1969 Franklin Weine na wenzake, huko Marekani, waliipasua mizizi ya aina hiyo kutoka magego 208, wakakuta zaidi kidogo ya nusu ina mifereji miwili. Siwezi kumlaumu daktari kwa kutouona mlango wa ukubwa wa ncha ya pini bila vyombo vya kukuzia. Ninachokilaumu ni ile kauli ya "wasiwasi wako tu". Mgonjwa akisema bado anaumwa, hiyo pia ni habari ya kitaalamu, nayo yastahili kuandikwa.

Tena mizizi hubadilika kutoka taifa hadi taifa. Katika Wachina na Wakorea, kiasi cha theluthi ya magego ya pili ya chini yana mfereji mmoja mpana uliopinda kama herufi C. Gego la kwanza la chini lenye mzizi wa tatu huonekana mara nyingi Asia ya Mashariki na kwa wenyeji wa asili wa Amerika, lakini kwetu Waafrika ni nadra. Mwaka 1971 Christy Turner aliutumia mzizi huo kujadili wenyeji hao walitoka wapi. Jirani zetu wa Uganda nao walitoa mwaka 2007 uchunguzi wao juu ya magego ya juu. Walitia wino ndani ya mifereji, wakayafanya meno yenyewe kuwa maangavu mfano wa kioo. Walikuta kwamba mzizi ule ule wa mbele wa upande wa shavu ndio wenye tofauti nyingi kuliko mingine, ila magego mengi yalikuwa na mfereji mmoja tu ndani yake. Njia za kupimia hazikuwa sawa, lakini ni wazi kwamba hesabu ya Marekani haikuwa hesabu ya Uganda. Ndiyo maana nafurahi kila nisikiapo kwamba vijana wetu wanayachunguza meno ya watu wetu.

Wazazi, kwenu nina neno fupi. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto anapokaribia miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, wala halisubiri jino lolote ling'oke. Kwa hiyo wengi hulidhania ni la utoto na kuliacha lioze. Mizizi yake hukamilika mtoto akiwa na miaka 9 au 10. Kabla ya hapo ncha bado ziko wazi, na matibabu yake si sawa na ya mtu mzima. Mpelekeni mapema.

Nawe mfanyakazi unayekwenda kutibiwa, usione haya kuuliza. Uliza jino hili kwa kawaida lina mifereji mingapi, na kwako imeonekana mingapi. Omba uonyeshwe picha ya eksirei. Picha moja hulaza mizizi mmoja juu ya mwingine, na daktari mwangalifu aweza kupiga ya pili kutoka upande mwingine kidogo ili aitenganishe. Uso ukivimba au homa ikapanda, usingoje siku uliyopangiwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kazi ikiisha, omba idadi ya mifereji iliyozibwa iandikwe katika cheti chako, ukihifadhi pamoja na vyeti vya watoto, kwa maana daktari atakayelifungua jino hilo baada ya miaka 10 huenda akawa mwingine, katika mji mwingine.