Barua kutoka Moshi: Tangi, Molasi na Magadi

Moshi, Jumapili jioni

Shemeji,

Nimefika salama mimi na tangi langu la Yamaha DT, ingawa pale Segera kondakta alitaka nililipie nauli kama abiria. Nikamwambia likipewa kiti na soda nitalipa. Watu wakacheka, likasukumwa chini ya miguu yangu, safari ikaendelea. Mombo tulisimama kula. Nimewanunulia watoto plamsi za Lushoto, ila siahidi kwamba zitafika Tanga. Same jua kali, Mwanga jua kali, halafu ghafla migomba. Mlima wenyewe umejifunika mawingu tangu nifike, kwa hiyo usiniulize habari zake.

Fundi niliyeelekezwa ana uwanja wake Pasua. Ukiingia unakutana na pikipiki ambazo vijana wa bodaboda hawazijui: Honda XL, Suzuki TF, na Yamaha DT tele, zile za mabwana shamba na za miradi ya wafadhili. Injini zake nyingi bado zinazunguka. Kinachozilaza ni tangi. Chembe za kutu zinateremka kwenye kabureta, zinaziba jeti, pikipiki inazimika kilimani, mwenyewe anabadilisha plagi, anabadilisha koili, mwishowe anakata tamaa na kuitupa bandani.

Mzee (namwita mzee, naye ananiita mwanangu, ingawa mvi zangu si haba) alilimulika tangi kwa tochi ya simu, akapitisha kidole mdomoni mwa tangi, akalinusa. Kisha akanionyesha. Juu kutu ilikuwa unga mwekundu tu, lakini chini, pande zile mbili zinazoning'inia kulia na kushoto kwa fremu, ilikuwa magamba meusi yanayobanduka. Maji ni mazito kuliko petroli, shemeji. Tangi likikaa nusu, mchana hewa inatanuka na kutoka, usiku inaingia nyingine yenye unyevu, unyevu unageuka matone, na matone yanazama mpaka chini na kutulia pale pale. Kwetu hewa yenyewe ina chumvi ya bahari, sasa utegemee nini?

Vespa yako ina nafuu kidogo, maana oili inachanganywa humo humo na petroli na kuacha utando kwenye bati. DT ina kopo lake la oili pembeni, mfumo ambao Yamaha wanauita Autolube, wa tangu miaka ya 1960. Tangi linabaki na petroli tupu.

Sasa dawa. Kule kwetu fundi anatia kokoto na asidi ya betri, anatikisa, anakurudishia linang'aa. Mzee aliposikia hivyo akaguna. Asidi kali haichagui: ikimaliza kutu inaendelea na bati. Yeye anatumia molasi. Ndiyo, ile ile ya ng'ombe! Inatoka TPC, kiwanda cha sukari cha Arusha Chini ambacho Wadenmark wa A.P. Møller walikianzisha miaka ya 1930. Fungu moja la molasi kwa mafungu tisa ya maji, unajaza mpaka mdomoni, unaacha wiki mbili au tatu. Molasi inaishika kutu na kuiyeyusha taratibu, bati zima karibu hailigusi. Kasoro yake ni harufu. Inachacha, inatoa povu, na nzi wote wa Pasua wanahudhuria. Alumini usiitie humo, inaliwa.

Mimi sina wiki tatu, kwa hiyo tulitumia njia yake ya pili, na hii ndiyo nataka uisome vizuri. Alitoa koki na mfuniko, tundu la koki akaliziba kwa raba na kibati. Akajaza maji ya vuguvugu yaliyotiwa magadi, haya haya ya kulainishia maharage, kijiko kikubwa hivi kwa kila lita. Akachukua kipande cha nondo, akakizungushia raba ya tairi la baiskeli kisiguse bati popote, akakining'iniza katikati ya mdomo. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye tangi, mahali palipokwanguliwa rangi, waya chanya kwenye nondo. Ukizigeuza, kitakacholiwa ni tangi, na hapo shemeji usiniandikie.

Alipowasha, mshale wa chaja ukapanda. Baada ya muda vikaanza kuja vipovu vyeupe, kisha vya rangi ya chai, mwishowe mdomo mzima ukajaa povu zito la kahawia lenye vipande vyeusi. Kila baada ya muda alitoa nondo, akaikwangua, akaipinda kidogo kuelekea upande mwingine, kwa sababu umeme unafanya kazi vizuri pale tu nondo inapotazamana na bati. Pembe iliyojificha inabaki na kutu yake. Kijana wa jirani akasogea na sigara. Sijaona mzee akinyanyuka haraka namna ile! Vipovu vile ni haidrojeni, inalipuka. Halafu nondo iwe chuma cha kawaida. Ya stenlesi inaacha kromu yenye sumu majini.

Kutu ilipotoka, tukapata habari nyingine. Alijaza maji safi, akafuta nje kwa kitambaa kikavu, tukasubiri. Karibu na mshono wa chini yakajitokeza matone, moja, jingine, jingine. Kutu ndiyo iliyokuwa kizibo. Mimi nikataja kuchomelea kwa gesi, akakataa katakata: mvuke wa petroli unajificha kwenye mishono hata tangi likioshwa, na tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Alilipindua matundu yakawa juu, akajaza maji mpaka karibu na bati, akaziba kwa risasi na pasi ya shaba iliyopashwa moto upande wa pili wa uwanja.

Tulipomwaga maji ya mwisho bati lilikuwa la kijivu safi, na kabla sijamaliza kahawa yangu limeshaanza kugeuka chungwa. Kwa hiyo suuza kwa maji ya moto, kausha mara moja kwa mashine ya nywele (tuliazima saluni), irudishe saluni, ndipo umimine petroli yenye oili na kuligeuzageuza tangi kila upande. Ile rangi ya kupaka ndani, ya makopo mawili ya kuchanganya, anayo lakini hakunishawishi. Ikipakwa juu ya unyevu au kutu iliyobaki inakuja kubanduka na kuziba koki. Nakubaliana naye.

Nakuja Alhamisi. Kabla ya hapo toa tangi la Vespa, mwaga petroli yote, ulioshe kwa sabuni, uliache wazi uani, mbali na jiko. Magadi yapo Ngamiani, chagua meupe yasiyo na udongo. Chaja naleta mimi. Nondo ni ile iliyobaki kwenye banda la kuku la dada, ila muombe kwanza.

Wasalaam,
Shemeji yako