Hodi Moja, Wageni Wawili

Mwaka 2004 nilikesha nyumbani kwangu Unguja nikipigana na modemu. Asubuhi yake tafsiri yangu ya mashairi ya marehemu mjomba, nduguye mama, ilitakiwa iwe imemfikia mhariri, na simu ya waya ndiyo iliyokuwa njia yetu pekee ya intaneti. Kila nikiiamuru modemu ipige, Linux ilijibu kwamba kifaa kinatumika. Kinatumiwa na nani?

Kumbe kipanya. Modemu ilikaa mlango wa tatu, ambao Linux huuita ttyS2 kwa kuwa huanza kuhesabu kwenye sifuri (mtu wa mizani ana haki ya kulalamika). Kipanya kilikaa mlango wa kwanza, ttyS0. Kwa desturi ya kompyuta za zama zile, milango hiyo miwili humwita bwana wao kwa namba moja, 4. Wageni wawili, hodi moja. Mwenye nyumba amwitikie yupi? Nikaifungua kompyuta, nikakihamisha kijikofia cha plastiki kwenye kadi ya modemu hadi namba 5, kisha nikaiarifu Linux kwa amri ya setserial. Modemu ikalia kilio chake. Sijapata kufurahishwa na sauti mbaya kiasi kile.

Tafsiri ilikwenda kwa dakika chache. Nami nikabaki humo saa mbili nzima, kwa raha tu ya kushinda.

Nilipokata, simu ikalia papo hapo. Dada yangu, kutoka Wete.

"Kaka, tangu saa sita nakupigia, simu yako inatumika tu. Mama anakuulizia."

Nilipanda boti ya kwanza ya Pemba. Nilimdiriki, kwa siku mbili.