Kusahihisha Mbele ya Darasa



Katika mafunzo ya ualimu tuliambiwa kwamba mwalimu akikosea ubaoni, na asahihishe ubaoni, mbele ya macho yale yale yaliyoliona kosa. Ndiyo sababu ninawaandikia.

Miaka minane iliyopita niligunduliwa kuwa na kisukari. Nilipewa metformini, nami nikaimeza bila kukosa. Kisha akapita hapa Mavivi mchuuzi mwenye makopo ya vidonge vya madini: kromi, zinki, magnezi. Alisema kwamba mwenye kuvitumia hahitaji tena dawa ya hospitali. Nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa, na neno lake likawa tamu kuliko kweli. Nikaacha dawa. Juma la kwanza nilijisikia mwepesi, hata nikawashuhudia vijana wetu, baada ya mafundisho, kwamba Mungu amenifungulia njia.

Miezi miwili haikupita. Kiu haikukatika, usiku niliamka mara nyingi kwenda haja ndogo, mwili ukakonda. Nikapelekwa Beni kwa pikipiki.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba mwili unayahitaji kweli madini hayo, lakini vidonge vyake humfaa aliyepungukiwa, wala havishiki nafasi ya dawa. Kromi imechunguzwa kwa miaka mingi, na haijathibitika kwamba inatosha kuitawala sukari. Magnezi na zinki tunazo mashambani mwetu: katika maharage, karanga na mbegu za maboga.

Kisha akaniuliza juu ya ganzi ya miguu yangu, na jibu langu likamfanya aniandikie vitamini! Metformini ikitumiwa kwa miaka mingi yaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huumiza mishipa ya fahamu, ukafanana na madhara ya kisukari chenyewe. Hivyo nikarudi nyumbani na dawa yangu, na vitamini kando yake. Kile nilichokuwa nimekifanya sanamu kikawa mtumishi.

Niliporudi, kijana mmoja akanijia. “Katekista,” akasema, “mama naye aliacha dawa, kwa sababu ya ushuhuda wako.” Neno hilo liliniuma kuliko sindano. Siku ile ile nilikwenda kwao, nikamwomba mama msamaha, nikamsindikiza kituo cha afya. Sukari yake ilikuwa imepanda sana, lakini hatukuwa tumechelewa. Namshukuru Mungu kwa huruma ambayo sikuistahili.

Tangu hapo nimeirudia mara nyingi sura ya 38 ya Yoshua bin Sira. Mwenye hekima anafundisha kwamba Bwana hutoa dawa katika ardhi. Anafundisha pia kwamba mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Mimi nilipenda neno la ardhi, nikaruka la tabibu. Sala yangu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kulitumia jina la Mungu kuthibitisha jambo ambalo sikuwa nimelipima.

Vijana wapendwa, nyumbani mwenu huenda yuko mzee mwenye kisukari. Mwulizeni kwa heshima kama amemeza dawa yake leo. Akiletewa kopo jipya, lipelekeni kwanza kwa muuguzi. Na mkimsikia mtu akishuhudia juu ya uponyaji, hata akiwa katekista wenu, mwulizeni: sukari ulipima lini?