Wembe wa Shilingi Kumi na Video Niliyoifuta

Wasee, leo naongea kuhusu kunyoa ndevu. Cheka ukitaka, lakini soma mpaka mwisho, kwa sababu kuna dogo alikatika kidevu juu yangu na nimechelewa kulisema.

Mwaka jana muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniandikia. Atanipa shilingi 2,000 na kifaa cha bure, mimi nifanye video ya dakika moja nikikisifu. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo, anayekaa kwa mama yake hapa Garsen na kununua bando kwa Fuliza, hiyo si pesa ya kukataa. Kifurushi kikaja na basi kutoka Mombasa. Nikafungua, nikaona kishikio cha wembe kinang'aa kama kioo, kina milango miwili juu inayofunguka ukizungusha kitako cha mpini, na namba za kuongeza au kupunguza makali. Kwenye kamera kilikuwa kitamu sana.

Sasa ukweli wenyewe: sikunyoa nacho. Niliogopa kujikata, nikatoa wembe, nikapaka povu, nikawa napitisha chuma kitupu usoni huku nikisema "laini kama siagi." Mliitazama sana ile video. Wengi wenu mliandika mnakitaka.

Wiki chache baadaye niko stage nasubiri matatu, dogo mmoja wa boda akanisimamishia pikipiki. Ana plasta kidevuni na shingo yote imejaa vipele. Hakunitukana, na hapo ndipo paliponiuma. Aliniambia tu, "Bro, nilinunua kile chako." Shilingi 800. Akanionyesha: mlango mmoja ulikuwa umeingia mchanga, haufungi sawa na mwenzake, kwa hiyo wembe umechomoza upande mmoja kuliko mwingine. Wenzake pale stage walikuwa wameshampa jina la utani. Mia nane kwake ni mafuta, ni chakula, ni siku mbili za jua kali la barabara ya Minjila.

Nyinyi mnaonifuata mkiwa Nairobi hamnijui. Lakini Garsen ni mji mdogo. Mtu anayenitazama kwenye simu asubuhi ndiye anayeniona jioni nikinunua mahamri. Sina cheti. Nilichonacho ni watu kuamini nikisema kitu. Na mimi nilikuwa nimekiuza hicho kwa 2,000.

Nikaifuta video. Halafu nikaenda kujifunza kunyoa, kwa kweli.

Mwalimu wangu alikuwa babu, kule Ngao. Tangu nikiwa mtoto namwona akinyoa chini ya mwembe, kipande cha kioo kimeegeshwa kwenye tawi, kopo la maji pembeni. Kifaa chake anakiita "mashine," ingawa hakina betri wala umeme: ni kishikio cha shaba kilichochakaa rangi, unaweka wembe mmoja wa kawaida wa pande mbili, unafunga kwa kuzungusha mpini. Wembe wenyewe ni huu huu wa dukani, ule mama zetu wanatumia kukata uzi. Nilimwuliza amekinunua lini, akasema kabla baba yako hajazaliwa.

Nikashangaa, nikaenda kusoma. Kumbe Mmarekani mmoja, King Camp Gillette, alipewa hataza ya kishikio cha aina hii mwaka 1904. Wazo lake lilikuwa wembe mwembamba wa bei ndogo, ukiisha makali unatupa, kishikio kinabaki. Leo wembe wa namna hiyo unatengenezwa na viwanda vingi duniani, na vipimo ni vile vile. Kishikio cha miaka ya 1950 kinapokea wembe uliotoka kiwandani juzi. Ndiyo maana cha babu bado kinafanya kazi.

Vile vichwa vya plastiki vyenye nyembe mbili vilianza kuuzwa mwaka 1971, halafu zikaongezeka zikawa tatu, nne, tano. Kila kampuni ina kichwa chake, na hakiingii kwenye mpini wa mwingine. Nishawahi kununua kimoja nikiwa chuo. Kichwa cha kubadilisha kilikuwa kinapita shilingi 300, kwa hiyo nilikuwa natumia kimoja miezi mitatu. Shingo yangu ya wakati ule msiulize.

Na vile vipele vina sababu. Nyembe zikiwa nyingi, wa kwanza unaivuta nywele, unaofuata unaikata, na inayobaki inarudi chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka hakuna shida kubwa. Zetu zinajikunja. Zikianza kuota zinapinda na kuchoma ngozi kutoka ndani, na hapo ndipo unaamka na shingo kama ngozi ya kenge. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi na hauivuti sana. Hautibu kila kitu, lakini kwangu tofauti niliiona ndani ya mwezi.

Haya, kama wewe ni wa kwanza kwanza na mfuko wako ni kama wangu, hivi ndivyo ningechagua leo.

Kabla hujaangalia kishikio, nenda duka la jirani uulize wembe wa pande mbili. Ukiupata kwa shilingi kumi, basi nunua kishikio kinachotumia huo. Usinunue kitu ambacho wembe wake unatoka Mombasa. Novemba 2023 maji yalipofunika barabara ya Lamu pale Lango la Simba, kila mtu aliona jinsi mzigo unavyokwama. Kitu cha kila wiki kiwe kinapatikana kwenu.

Chukua cha vipande vitatu: mpini, bamba la chini na kifuniko. Hakina mlango wala springi. Mchanga ukiingia unakifungua chote, unasuuza, basi. Vya milango ni vizuri vikiwa vimetengenezwa vizuri, lakini vya bei ya chini vinalegea, na wembe ukikaa upande ndio yale ya dogo.

Angalia ukingo wa bamba. Wa anayeanza uwe umenyooka, usiwe na meno kama chanuo. Na wembe uchomoze kidogo tu, sawa pande zote mbili. Kifunge, kitazame kwa mbele kama unavyotazama tairi kama iko sawa. Kama upande mmoja umezidi, rudisha hapo hapo dukani. Namba za kuongeza makali huzihitaji. Ni kama kumpa gia sita mtu anayejifunza baiskeli.

Mpini uwe na uzito na mikwaruzo ya kushikia, kwa sababu mkono utakuwa na sabuni. Uzito ndio unakusaidia usibonyeze. Chuma chenyewe, kama una pesa, shaba au chuma kisichoshika kutu. Vya bei yetu vingi ni mchanganyiko wa zinki uliopakwa rangi ya fedha. Si vibaya, ila kausha kila ukimaliza na usikiangushe kwenye sakafu ya simiti. Rangi ikibanduka, ndani kinaliwa.

Changu nilinunua Malindi kwa shilingi 650. Hakina hata sanduku. Nanyoa mara mbili kwa wiki, wembe mmoja natumia mara nne, kwa hiyo ni nyembe mbili kwa mwezi: mbao. Kabla ya hapo nilikuwa nalipa kinyozi finje kila nikichonga ndevu, yaani mia nne kwa mwezi. Hesabu fanya mwenyewe. Na wembe huo ni wangu peke yangu. Wembe wa kushiriki unaweza kukupa virusi vya UKIMWI au homa ya ini, na hakuna urafiki wa namna hiyo.

Kifaa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine babu alinifundisha kwa maneno machache sana.

Kwanza maji. Hapa tukichota mtoni wakati wa mvua maji yanakuja rangi ya chai ya maziwa. Yaache yatulie usiku mzima, au tumia shabu kama bibi zetu wanavyofanya. Lowesha ndevu dakika mbili tatu, kisha povu la sabuni mpaka ngozi isionekane.

Halafu gusa shavu kwa kichwa cha kishikio, mpini ukiwa umetoka mbele yako, ushushe taratibu mpaka usikie wembe unaanza kukata. Hapo hapo, simama na pembe hiyo. Pita mipito mifupi, kufuata nywele zinakoelekea. Shingoni zinaelekea kila upande, kwa hiyo papasa kwanza. Usivute ngozi, na usirudi kinyume ukitafuta ulaini wa tangazo. Babu alinipiga kofi la mkono nilipobonyeza. "Wembe hausukumwi," alisema, "unapelekwa."

Mwisho maji ya baridi, na kipande cha shabu kilicholowa ukipitishe usoni. Kinauma sekunde kadhaa, lakini kinafunga vijikato. Marashi weka kwenye shati. Nyembe zilizoisha tia kwenye kopo ulilolitoboa mdomo mwembamba. Mbuzi na watoto wa jirani hawana makosa.

Na kama una vipele vya usaha au makovu yanayovimba, usinyoe kabisa kwa sasa. Punguza kwa mashine ya kinyozi uache nywele fupi, na uende hospitali wakuangalie. Mimi ni mtu wa video, si daktari.

Yule dogo nilimrudishia mia nane yake, mia mbili mbili kwa M-Pesa, wiki nne. Alisema si lazima. Nikamwambia kwangu ni lazima. Hela ya yule muuzaji nilikuwa nimeshakula, na ameniandikia tena kuhusu saa za mkononi. Nimemwambia anitumie saa, niivae miezi miwili, halafu nitasema nilichokiona. Hajajibu.

Juzi nimempelekea dogo kishikio kama changu, nilimnunulia nilipoenda Malindi. Alinyolea pale pale nyuma ya stage, anajitazama kwenye kioo cha pikipiki, wenzake wamemzunguka wanatoa ushauri ambao hawajaulizwa. Kabla ya kuanza alikigeuza, akatazama wembe kama uko sawa pande zote, akaniuliza:

"Na hii umeijaribu?"

Sikusema kitu. Nikashusha kola nikamwonyesha shingo.