Kuuliza Kabla ya Kukata

Mwaka 1896, daktari George Beatson wa Glasgow alitangaza kwamba saratani ya matiti inaweza kusinyaa mgonjwa akitolewa ovari. Kwa miongo mingi madaktari wakafuata njia hiyo, wakaondoa ovari, baadaye hata tezi za adrenali. Takriban mwanamke mmoja kati ya watatu alipata nafuu. Wengine walibaki na kovu, na ugonjwa ukaendelea. Hakuna aliyejua mapema nani atapata nafuu na nani ataumizwa bure.

Mtafiti Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago ndiye aliyeligeuza swali. Wenzake walidhani estrojeni, homoni itokayo kwenye ovari, hufanya kazi kwa kubadilishwa na vimeng'enya. Yeye akataka kujua homoni yenyewe inakwenda wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na Herbert Jacobson, aliitia alama ya mnururisho ya tritiumu, wakawadunga panya majike wachanga. Kwenye misuli ilipita tu. Kwenye mfuko wa uzazi ilishikiliwa, tena bila kubadilika. Kulikuwa na kipokezi, yaani kitu ndani ya seli kinachoishika homoni. Baadaye ikadhihirika kwamba uvimbe wa matiti wenye vipokezi hivyo mara nyingi huitikia tiba ya homoni, na usio navyo ni nadra.

Leo kipande chembamba cha uvimbe hutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Viini vya seli zenye vipokezi huwa vya kahawia, visivyo navyo hubaki buluu. Vivimbe viwili visivyotofautiana mkononi mwa daktari hutengana hapo: mgonjwa huyu atafaa kupewa tamoksifeni, dawa ya tiba ya homoni, yule atafutiwe tiba nyingine.

Kipimo hiki kimenifunza kwamba huruma nayo huhitaji maarifa. Rafiki akifiwa, akiachwa au akifilisika, tunamkimbilia na nasaha ileile iliyomfaa mwingine. Isipomsaidia, tunasema hasikii. Pengine neno letu, hata likiwa jema, halikupata pa kushika ndani yake, na tungelijua hilo lau tungemsikiliza kwanza. Nia njema isiyouliza huumiza watu.

Kwa hiyo ndugu yako akiambiwa ana saratani ya matiti, fuatana naye kliniki, mkamuulize daktari: kipimo cha vipokezi vya homoni kimefanyika? Majibu yanasemaje? Ni haki yake kujua kabla ya kuanza tiba.