Jezi Moja, Nyimbo Mbili

Leo nataka nikutembeze mbali kidogo, kwa hivyo nifuate polepole. Hata kama hujui raga, utaelewa.

Ukitazama mechi za kimataifa, utaiona timu yenye jezi za kijani inayoitwa Ireland. Usidhani ni timu ya nchi moja. Kisiwa kile kiligawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1920: kusini ikawa nchi huru, kaskazini ikabaki chini ya Uingereza. Soka ikagawanyika pia, na hadi leo kuna timu mbili za taifa, moja ya Dublin na nyingine ya Belfast. Lakini chama cha raga, kilichozaliwa 1879 kwa kuunganisha vyama viwili, kilikataa kupasuliwa. Mpaka ukachorwa, maafisa wa forodha wakawekwa barabarani, raga ikaendelea kana kwamba haijasikia.

Na haikuwa kazi rahisi, ndugu yangu. Kule kaskazini, Mprotestanti kwa kawaida alijihesabu raia wa Uingereza, naye Mkatoliki akajihesabu Mwairishi. Wote wanabatiza. Wote wana Biblia nyumbani. (Hapo mimi hunyamaza kidogo.) Kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mkataba wa 1998, zaidi ya watu 3,500 waliuawa. Miaka hiyo yote, vijana wa pande zote mbili walikuwa wakivalia jezi ileile katika chumba kimoja.

Mwaka wa 1972 Ireland ilikuwa imewashinda Ufaransa na England ugenini, na ilibakiza mechi mbili nyumbani. Scotland na Wales zikakataa kuja Dublin kwa kuhofia usalama. Mashindano hayakumalizika, hakuna aliyechukua kombe. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya England. Waingereza, wakati ule, ndani ya Dublin! Nao wakaja. Walipoingia uwanjani, watu wa Dublin walisimama wakawapigia makofi kwa takriban dakika tano. Kisha wakawafunga 18 kwa 9, maana upendo ni upendo na mechi ni mechi. Usiku kwenye karamu nahodha wao, John Pullin, alitania kwamba huenda wao si wachezaji wazuri sana, lakini angalau huwa wanafika.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuletea haya. Wiki hii mshirika mmoja aliniandikia faraghani. Simtaji, na ninamheshimu, kwa sababu aliuliza kwa uchungu na si kwa chuki. Anasema: Pasta, uchaguzi ukikaribia watu wanaanza kuangaliana. Mbona tusigawe ibada, kila lugha na saa yake, tudumishe amani? Anasema hata nyimbo zinaleta maneno, kwamba upande fulani wakiimba kwa lugha yao, wengine wanakaa kitako na kufungua simu.

Mpendwa, hayo ya nyimbo nimeyaona kwa macho yangu. Siyapuuzi.

Ireland walikuwa na shida hiyohiyo. Wimbo wa taifa wa kusini ni wimbo wa wapiganaji waliopigana na Uingereza. Kijana wa Belfast ambaye baba yake alikuwa askari wa Malkia angeuimba vipi? Kombe la Dunia la kwanza, 1987, hawakuwa na wimbo waliokubaliana, wakapigiwa kanda ya wimbo wa mapenzi, "The Rose of Tralee". Fikiria aibu hiyo. Mwaka wa 1995 wakamwomba mtunzi Phil Coulter, mzaliwa wa Derry kule kaskazini, awatungie wimbo mpya. Leo wakicheza ugenini wanaimba huo tu, na wakiwa Dublin zinaimbwa zote mbili. Ukiniuliza mimi, si wimbo wa kukutoa machozi. Wengi hata kule kwao wanaulalamikia. Lakini kila mtu kwenye ule mstari anaweza kufungua kinywa.

Kuna jambo jingine nisilotaka kulificha, maana wapo watu wanaopenda kuhubiri umoja kwa maneno matamu. Kila miaka minne vijana hao wa Ireland huungana na wa England, Scotland na Wales, wakavaa jezi moja nyekundu na kuitwa Lions. Mwaka wa 1955, wakitoka Afrika Kusini chini ya nahodha Robin Thompson, walipitia Nairobi na kucheza na timu ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Mataifa matatu! Lakini mchezo siku hizo ulikuwa wa walowezi. Babu yako hakuhesabiwa katika umoja ule. Kwa hivyo mtu akikuambia "sisi sote ni kitu kimoja", tazama nani ameachwa nje ya mlango.

Na umoja wa kweli una gharama. Aprili 1987, wachezaji watatu wa kaskazini, Nigel Carr, David Irwin na Philip Rainey, walikuwa kwenye gari wakielekea Dublin kufanya mazoezi. Karibu na mpaka bomu la IRA lilililenga gari la jaji mmoja lililokuwa likija kutoka upande wa pili. Jaji na mkewe walikufa. Wachezaji walipona, lakini Carr aliumia vibaya, akalikosa Kombe la Dunia na hakucheza tena. Alikuwa katika ubora wake. Baada ya hapo vijana wa kaskazini waliendelea kupita barabara hiyo kwenda mazoezini.

Basi mshirika wangu, jibu ni hili: ibada itabaki moja, saa tatu asubuhi. Kiongozi wa kwaya nimemwomba atafute wimbo mmoja ambao mama wa kila upande anaweza kuuimba bila kumeza mate kwanza. Hata kama si mzuri sana. Na nyimbo za lugha zetu hatuzifuti. Kila Jumapili tutaimba wa lugha moja, zamu kwa zamu, na asiyejua maneno atasimama na kupiga makofi. Zamu ya kwanza ni ya wale wasio wa lugha yangu.